Chenga, Ungo na Ung'avu: Maneno ya Televisheni Mpya Yakipimwa Katika Bonde la Kilombero

Kila chombo kipya kiingiapo katika nchi huja na jina, na jina hilo huwa na safari yake mbali na safari ya chombo chenyewe. Redio ilipofika Tanganyika wako walioiita simu ya upepo. Jina hilo likapotea, redio ikabaki. Ikaja televisheni, na wengine wakaona yafaa iitwe runinga au luninga. Majina yote yangali yakitumika, ingawa sokoni watu wengi husema TV tu. Sasa umefika wakati wa picha za HD na wa matangazo yapitayo katika intaneti, na maneno yamekuja kwa wingi mno: king'amuzi, kisimbuzi, ung'avu, mubashara, kutiririsha, vifurushi, bando. Baadhi yake yametungwa na wataalamu, baadhi yametoka vinywani mwa watangazaji, na baadhi yamezuka mitaani bila ya mtu kujulikana kuwa ndiye aliyeyazua. Yapasa yapimwe, tena yapimwe mahali ambapo neno lisiloeleweka huleta hasara.

Mahali pafaapo ni Ifakara na bonde la Kilombero. Mji huo uko mbali na Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Kaskazini magharibi yake umesimama ukuta wa milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake kirefu kabisa chapita meta 2,500; kusini mashariki ni nyanda za juu za Mahenge; na katikati ni uwanda ambao mto Kilombero na vijito vyake huufunika kwa maji wakati wa masika. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga usafirivyo: mlima ukikaa kati ya mnara na nyumba, nyumba imo kivulini. Bonde lina Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena, pamoja na wageni wengi walioletwa na mashamba ya miwa, na reli ya TAZARA iliyojengwa katika miaka ya 1970, na malisho ya ng'ombe. Lugha iwakutanishayo wote hao ni Kiswahili. Ndicho kilichotumika kwenye kivuko cha mto, na ndicho kitumikacho leo kwenye daraja la meta 384 lililofunguliwa mwaka 2018. Kwa hiyo hapo Kiswahili hakina upungufu wa wasemaji. Na neno la televisheni lisipoeleweka hapo, kosa haliwezi kutupiwa msikilizaji.

Historia ya mtangazaji wa umma yataka ikumbukwe kwa ufupi, kwani deni lake kwa lugha limetoka huko. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni ilitangulia Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ikiwa na rangi. Bara ilichelewa hadi vituo vya watu binafsi vilipoanza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Shirika la sasa, TBC, limekuwapo kwa jina hilo tangu mwaka 2007. Katika miaka yote ya redio, sauti iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa pia shule ya Kiswahili sanifu kwa watu wasiopata shule nyingine. Msikilizaji alijifunza neno kwa kulisikia likitumika mahali pake. Televisheni na intaneti vimerithi wajibu huo, wala ung'avu wa picha hauwezi kuwa badala yake.

Yafaa kuanza na maneno mawili ambayo hayakutungwa na kamati yoyote, nayo ni chenga na ungo. Mtu wa Ifakara hahitaji kamusi kwa yote mawili. Mpunga ukobolewapo hutoka mchele, zikatoka chenga, yakatoka na mapumba. Na mwenye kununua hutazama kwanza kiasi cha chenga kabla ya kuuliza bei. Ungo ni chombo cha kupepetea, ambacho hutenganisha kifaacho na kisichofaa. Maneno haya ya uani yalihamia kwenye televisheni katika nchi nzima, si bondeni tu: zile nukta nyeupe na nyeusi zilizokuwa zikichezacheza juu ya picha hafifu ziliitwa chenga, na lile sahani kubwa lielekezwalo angani likaitwa ungo. Uhamisho huo ni wa akili sana. Picha yenye chenga ni picha iliyovunjikavunjika kama mchele uliokobolewa vibaya. Bado yaweza kuliwa, lakini thamani yake imepungua. Na ungo wa juu ya bati hupokea mambo mengi yaliyochanganyika, ukampa mwenye nyumba alichokitaka.

Tena neno chenga lilikuwa na kazi nyingine, ambayo watunga istilahi hawakuiona. Lilikuwa kipimo. Katika televisheni ya analojia picha iliharibika kidogo kidogo kadiri mawimbi yalivyodhoofika. Mtu mmoja alipanda juu kugeuza antena, mwingine akakaa ndani akipaza sauti: chenga zimepungua, chenga zimezidi, acha hapo hapo. Watu wasiojua lolote juu ya mawimbi walifanya kazi ya fundi kwa msaada wa neno moja. Mfumo wa dijitali umeondoa ngazi hiyo. Picha huwa nzuri kabisa mpaka mawimbi yafike kiwango fulani cha udhaifu. Hapo hugawanyika vipande vya mraba, ikaganda, kisha ikatoweka. Hakuna tena chenga za kuonya. Kwa hali hii lugha ya watu imechukua kitenzi kuganda, na chaguo hilo pia ni zuri, kwani chasema hasa kinachoonekana: uso wa msomaji wa habari umesimama na mdomo wazi. Mafundisho yoyote kwa watazamaji juu ya mfumo mpya yangalianzia hapa: zamani chenga, sasa kuganda, na sababu ya tofauti hiyo.

Hayo hayakufanyika vya kutosha mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Desemba 31, 2012, Dar es Salaam, na katika miji mingine mwaka uliofuata. Neno lililobeba habari ile lilikuwa king'amuzi. Limetokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililokuwa limejificha. Nalo lilienea upesi, kwa sababu mtu aliyelisikia mara ya kwanza alikuwa na mwanzo wa maana yake. Baadaye likaja kisimbuzi, ambalo sasa hutumiwa katika maandishi ya mamlaka na ya makampuni. Kwa elimu ya mawasiliano kisimbuzi ni neno sahihi: kuna msimbo, kuna kusimba, na kuna kusimbua, kama vile kuna kufumba na kufumbua. Mpango wake wa sarufi hauna dosari. Dosari iko katika kusikika kwake. Msimbo si neno la nyumbani, na sikio la mkulima wa Mlimba lisikiapo kusimbua hukutana kwanza na simba, ambaye si mgeni katika pori za upande ule. King'amuzi chaeleza faida aipatayo mtazamaji; kisimbuzi chaeleza kazi ifanywayo na mtambo. Fundi ana haki ya neno lake, lakini tangazo lisomwalo kwa watu wote ni mali ya mtazamaji.

Neno ung'avu lataka kuhojiwa kwa ukali zaidi, maana ndilo linalotumiwa kusifia picha za HD. Mtu atatetea kwamba ung'avu si kung'aa tu. Maji yenye ung'avu ni maji safi ambayo chini yake huonekana. Utetezi huo una haki yake. Lakini mbele ya kioo cha televisheni maana ya kwanza ndiyo ishikayo, na mtu aambiwaye kuwa picha ina ung'avu mkubwa huenda akaongeza mwangaza kwa rimoti, kisha akashangaa kuona sura zimepauka. Ubora wa HD hauhusiani na mwangaza. Ni hesabu ya nukta zitengenezazo picha. Televisheni ya kawaida ya zamani, ya mistari 625, ilionyesha mistari 576. Katika mfumo wa dijitali kila mstari ukahesabiwa nukta 720, jumla yake 414,720. Picha kamili ya HD ina mistari 1,080 yenye nukta 1,920 kila mmoja, jumla yake 2,073,600, yaani mara tano kamili. Picha ile ile, kioo kile kile, lakini mahali palipokuwa na nukta moja sasa pana tano.

Kwa hiyo kuna mambo matatu yaliyochanganywa katika neno moja. La kwanza ni mwangaza, yaani picha kuwa na nuru au giza. La pili ni usafi, yaani picha kutokuwa na chenga wala kuganda. La tatu ni upambanuzi, yaani wingi wa nukta unaomwezesha mtu kupambanua kitu kimoja na kingine: herufi ndogo chini ya kioo, mistari ya ramani, dalili za ugonjwa juu ya jani la mpunga. Picha yaweza kuwa safi na yenye nuru nyingi na bado ikakosa upambanuzi. Kitenzi kupambanua kimo katika lugha tangu zamani, nacho hutumika sokoni na mahakamani. Haieleweki kwa nini kimeachwa. Televisheni ya upambanuzi mkubwa ni jina refu kidogo, lakini haliongopi. Wenye kutaka ufupi wataendelea kusema HD, wala hapana ubaya, mradi maelezo yatakapohitajika yatolewe kwa neno lililo kweli.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Upambanuzi mkubwa hula nafasi kubwa: katika masafa yale yale chaneli moja ya HD huchukua nafasi ambayo ingalitosha chaneli kadhaa za kawaida. Mtangazaji wa umma aamuapo kuhamia huko anachagua kwa niaba ya watu, kati ya picha iliyo bora na wingi wa vipindi. Mtazamaji atakiwaye kutoa maoni juu ya uchaguzi huo hawezi kuyatoa ikiwa ameambiwa tu kwamba picha itang'aa. Ataitikia ndiyo, kwani ni nani akataaye kitu king'aacho?

Upande wa intaneti neno kubwa ni kutiririsha. Kwa sura yake ni neno zuri, lenye asili ya Kiafrika, na katika bonde la maji hakuna asiyeliona: maji hutiririka, machozi hutiririka, na matangazo nayo hutiririka yasiwekwe akiba. Ila lafaa lilinganishwe na ndugu yake mkubwa, kutangaza. Kutangaza ni kufanya jambo litangae, yaani lienee kila upande kwa watu wote pamoja. Mnara hutoa wimbi moja. Watazame watu kumi au watazame laki moja, wimbi ni lile lile na gharama ya mnara haibadiliki. Mtandaoni sivyo. Kila mtazamaji huletewa nakala yake peke yake, naye hulipia nakala hiyo. Kutiririsha, basi, kwa hakika ni kuchotea kila mtu ndoo yake, na neno lenye sura ya mto usio na mlinzi laficha kwamba kila ndoo ina bei.

Bei hiyo yaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Picha ya HD ikitiririshwa kwa megabiti 5 kila sekunde, saa moja hula gigabaiti 2.25. Picha ndogo ya megabiti 1 hula megabaiti 450. Sauti peke yake, ya kilobiti 64, hula megabaiti 29 hivi. Tofauti kati ya kutazama HD na kusikiliza ni kama mara 78. Wenye kupanga mambo huita kiasi hicho cha data kifurushi. Watu husema bando, na kilio chao cha kila siku ni kwamba bando limekata. Mwezi Aprili 2021, vifurushi vipya vilipoleta malalamiko mengi hata vikasitishwa, ilidhihirika kwamba neno hili dogo lina uzito wa mkate wa kila siku. Lakini katika matangazo yawaalikayo watu kutazama mtandaoni, bando halitajwi. Huambiwa watu watazame popote walipo. Mtu wa Malinyi yuko popote. Lililobaki ni bando lake. Lugha ya kweli ingalimwambia ni kiasi gani kipindi kitakula, tena ingalimkumbusha kwamba kwa sauti tu atapata habari ile ile kwa sehemu ndogo ya gharama.

Hali kadhalika mubashara. Neno hili la Kiarabu limeenea katika muda mfupi, na watangazaji hulipenda kwa mlio wake. Halipaswi kukataliwa kwa sababu ya asili. Nusu ya maneno matamu ya Kiswahili yamepita njia hiyo hiyo. Swali ni kama limeongeza kitu juu ya moja kwa moja, lililotumika tangu siku za redio. Yote mawili yasema kwamba hakuna kizuizi katikati. Hakuna hata moja lisemalo kwamba jambo linatukia sasa. Na katika mtandao upungufu huo huonekana wazi, kwani picha itiririshwayo huchelewa, mara nyingi kwa sekunde kumi hata thelathini, nyuma ya tukio. Mwenye redio hushangilia bao, na jirani yake mwenye simu bado anatazama mpira ukiwa katikati ya uwanja. Zaidi ya hayo, vituo vingi huacha kichwa cha maneno mubashara juu ya kipindi kilichohifadhiwa, hata atakayekifungua siku tatu baadaye huambiwa kuwa ni cha sasa. Iko ibara nyingine, papo kwa papo, isemayo wakati waziwazi. Ingelifaa ishike mahali pote ambapo saa ya tukio ni sehemu ya habari.

Kwamba watu huchagua neno kwa haja yao kulionekana Januari 2016, Serikali ilipoeleza bungeni kwamba TBC haitaendelea kuonyesha mijadala yote ya Bunge papo kwa papo, kwa sababu ya gharama. Ubishi ukawa mkubwa nchini. Wananchi wengi walioshiriki ubishi huo hawakusema mubashara wala moja kwa moja. Walisema Bunge laivu. Hapo palikuwa na haki wanayoidai, na katika kudai walishika neno la kigeni kwa kuwa lugha rasmi haikuwapa lao lililo kali na fupi. Mwenye kusikitika juu ya laivu na asikitike pia juu ya uzembe uliolipa nafasi.

Yuko atakayejibu kwamba lugha ikomaayo haiwezi kuokota kila kitu barabarani; kwamba fundi, mwanasheria na mwalimu wa chuo wahitaji istilahi zenye mpango, zinazozaana kwa kanuni, kama kusimba, msimbo, usimbaji na kisimbuzi. Jibu hilo ni zito, nalo halipingwi hapa. Chenga haiwezi kuingia katika mkataba wa ufundi, wala bando katika sheria. Linalopingwa ni kudhani kwamba istilahi ikishatungwa kwa ajili ya fundi imekwisha tungwa kwa ajili ya watu wote. Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa tabaka mbili za maneno, na mtangazaji wa umma ndiye daraja lake: hutamka neno la watu kwanza, akalitaja la wataalamu pembeni, mpaka hili la pili lizoeleke au lishindwe.

Ubishi huu ungekuwa mchezo wa wasomi kama vipindi vya televisheni vingekuwa vya burudani peke yake. Lakini Aprili 2024 mafuriko yalikumba Rufiji na sehemu za bonde la Kilombero, mashamba yakazama na watu wakahama nyumba zao. Katika siku za namna hiyo mtangazaji wa umma ana kazi moja, nayo ni kumfikia mtu kabla ya maji. Ramani ya mvua katika picha ya HD humpambanulia mtazamaji kijito kimoja na kingine, jambo ambalo picha ya zamani haikuliweza. Hiyo ni faida ya kweli. Ila anayeitazama kwa simu apaswa kujua kama aonayo ni ya papo hapo au ya jana. Aliyegandiwa na picha apaswa kujua kwamba king'amuzi chake hakikuharibika, ila mawimbi ndiyo yaliyodhoofika kwa mvua, na kwamba redio huenda bado yasema. Mwenye bando dogo apaswa kujua kwamba sauti itamfikisha mbali kuliko picha. Habari hizo zote ni sentensi tatu au nne za Kiswahili, na kwa gharama hazizidi pumzi ya msomaji wa habari.

Kwa hiyo orodha za istilahi za utangazaji zitakapotazamwa tena, mambo manne yafaa yafikiriwe: king'amuzi kiandikwe sambamba na kisimbuzi, pasipo kuitwa neno la mitaani, upambanuzi uchukue mahali pa ung'avu panapozungumzwa wingi wa nukta, papo kwa papo itumike kwa tukio la sasa, na mubashara iondolewe juu ya kipindi kilichokwisha, na chenga, kuganda na bando viingizwe kamusini kwa maana zake za televisheni na simu, vikiwa na mifano. Na kabla ya kuchapishwa, orodha hiyo isomwe kwa sauti mbele ya watu wa Ifakara, Mlimba na Malinyi, watakaoulizwa swali moja tu kwa kila neno: ukilisikia hili katika habari za saa mbili usiku, utafanya nini?